Shaka ya asilimia 72 katika moshi wa mkaa

Mtu akisoma kwamba chembe laini zinazotoka kwenye majiko ya mkaa Unguja ni tani kadhaa, zaidi au pungufu kwa asilimia 72, haraka husema: kumbe hawajui! Mkuu wa idara anayepanga bajeti naye hukereka, na ana haki. Fedha hugawiwa kwa namba moja, na asiyetaka kudhibitiwa ataikamata shaka hiyo aifanye ngao. Tena asilimia nyingi za aina hii ni makisio ya wataalamu mezani.

Lakini tazama namba inavyopatikana. Kiasi kilichochomwa huzidishwa kwa kigezo cha utoaji, yaani gramu za uchafu kwa kila kilo ya mkaa. Tuseme, kwa mfano tu, idadi ya mkaa ina shaka ya asilimia 40: polo moja limefungwa shingoni, jengine limejazwa lumbesa, na mengine hushukia bandari bubu usiku. Kigezo nacho, kilichopimwa ng'ambo kwa jiko lisilofanana na seredani zetu, tukipe 60. Hazijumlishwi zikawa 100. Kila moja huzidishwa kwa yenyewe, majibu yakajumlishwa, kisha ikatafutwa kipeuo cha pili: 72.

Sasa tuseme umeajiri vijana wahesabu mapolo mwaka mzima, shaka ya 40 ishuke hadi 10. Jumla inabaki 61. Fedha yote ile! Zipeleke fedha hizo kupima moshi wa seredani zenyewe, kigezo kishuke hadi 30, mapolo uyaache na 40 yao: jumla ni 50. Hili mkuu wa idara hawezi kuliona akipewa namba moja tupu.

Na ile ngao haikingi sana. Kigezo kikiwa kimekosewa, kimekosewa mwaka huu na mwaka uliopita kwa upande ule ule, kwa hivyo kwenye kulinganisha miaka kosa hilo kwa sehemu kubwa hujifuta. Ndiyo maana mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ingawa ni wa gesi joto, hutenganisha shaka ya jumla na shaka ya mwelekeo, yaani ya kupanda au kushuka mwaka hadi mwaka. Unaweza kubishania tani, huku kupungua kwa mkaa, gesi ikiingia majikoni, kukiwa hakuna ubishi.

Kinachonitisha mimi ni kilichoachwa nje ya orodha ya vyanzo vya moshi. Hitilafu ya waya wa chini ya bahari ilipoiacha Unguja gizani, Disemba 2009 hadi Machi 2010, majenereta yalinguruma mji mzima. Orodha inayodhani kwamba umeme wetu wote unafuliwa Bara haiwezi kuuona moshi ule. Tanuu la chokaa lisiloandikwa nalo haliongezi shaka hata kidogo: linaingia kama sifuri, na jumla inaonekana safi. Hapo ndipo ningependa mkuu wa idara akereke.