Sangari Haimalizwi kwa Kulimalima

Bustani nyingi za mboga katika nyanda za juu za Kenya na kwenye miteremko ya Kilimanjaro hazishindwi na sangari, nyasi sugu inayotambaa, kwa kukosa dawa ya kuua magugu. Kwa maoni yangu, zinashindwa kwa sababu tunaipiga kwa jembe la kawaida. Sangari, kama ukoka, huishi kwa mashina membamba yanayotambaa chini ya udongo, na kipande chenye fundo moja tu kinaweza kuchipua upya. Anayelikatakata tuta hufurahia udongo safi kwa siku chache, kumbe amezipanda nyasi zilezile kwa wingi zaidi.

Atumie jembe uma, tena kwa wakati wake. Mimi napendelea siku zile vuli inapokatika, udongo ungali na unyevu kidogo, kwa kuwa ukiinua bonge na kulitikisa taratibu, mashina huchomoka yakiwa marefu. Udongo ukishakauka na kuwa mgumu, hukatikia humo humo. Yaanikwe juu ya mawe au bati, kwenye jua la Januari, mpaka yavunjike kama njiti, wala yasitiwe kwenye mboji yakiwa mabichi.

Hata ukiwa makini namna gani, vipande vitabaki, navyo ni lazima vinyimwe mwanga. Tandaza maboksi yaliyobanduliwa utepe wa plastiki, yapandane vizuri, kisha uyafunike kwa majani makavu ya migomba au maganda ya kahawa, unene wa sentimita 10 hadi 15. Chipukizi lolote linalopenya ling'olewe likiwa changa, kabla majani yake hayajaanza kurudisha chakula chini. Katika tuta lisilo na haraka ya mboga, viazi vitamu vilivyotambaa vikafunga udongo husaidia sana, kwani ukoka hasa hauvumilii kivuli.

Chumvi, ambayo baadhi ya watu huisifu kwa kuwa ni kitu cha asili, naipinga kabisa, kwa sababu hubaki udongoni na kuidhuru sukuma wiki utakayoipanda baadaye.

Kazi inayopuuzwa zaidi ni ya pembezoni. Nyasi hurudi kutoka njiani na chini ya ua, kwa hiyo chimba mfereji mwembamba kuzunguka matuta na uukague kila wiki, ukiyakata mashina yanayojaribu kuvuka kabla hayajafika upande wa pili.