Kocha Asiyekupa Jibu

Mtu aliyelelewa kwa nasaha akikaa mara ya kwanza na kocha wa maisha, yaani mtu anayelipwa kukusaidia ufikiri mwenyewe na kufikia lengo lako, kinachomkera mapema ni kwamba haambiwi afanye nini. Kungwi hufundisha, mzee wa ukoo huamua, shehe na padri huelekeza. Kocha anauliza, kisha ananyamaza. Mteja aliyetoa pesa yake huona ukimya ule wa sekunde kumi kama uzembe, na hasira inampanda. Naamini hasira hiyo ndiyo mahali kazi inapoanzia, na ni hasara kuikimbia.

Kikao huchukua dakika 45 hadi 60, mara nyingi kila baada ya wiki mbili. Wengi hufuata mpango wa GROW, uliokuzwa Uingereza miaka ya 1980 na John Whitmore na wenzake: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, na utakachofanya. Hatua ya pili ndiyo inayoliza watu. Lengo mtu hulitaja kwa fahari. Hali ilivyo inamtaka aseme deni limefika shilingi ngapi, au ameahidi mara ngapi kuacha jambo fulani na hakuacha. Kuijua idadi hiyo moyoni ni kitu kimoja. Kuitamka mbele ya mtu anayekusikiliza ni kitu kingine kabisa. Machozi yakitoka, kocha mwenye ujuzi habadilishi mada. Anasubiri, kisha anauliza kama mwendelee au mpumzike.

Kwa hiyo usipange kikao kikabanana na mkutano wa kazini. Jiachie angalau dakika 20 baada yake. Na kama mnaongea kwa video, tafuta mahali pasipo na masikio. Kwenye nyumba yenye shemeji sebuleni na watoto mlangoni utasema nusu ya ukweli, na nusu uliyoificha ndiyo iliyokupeleka kwa kocha. Gari lililoegeshwa linafaa kuliko chumba chenye ukuta mwembamba.

Aibu kubwa zaidi huja unaporudi hujafanya ulichoahidi. Hapo ndipo “nilijaribu” zinapoanza. Mara nyingi tatizo si uvivu, ni ahadi kubwa isiyo na siku. “Nitaongea na bosi” haina pa kushikwa. “Alhamisi saa nne nitamwomba dakika kumi” inashikika. Kocha naye achunge ulimi. “Kwa nini hukufanya?” kwa Kiswahili ni sauti ya mwalimu mwenye fimbo, na mteja atajitetea badala ya kufikiri. “Nini kilikuzuia?” humpa nafasi ya kueleza. Vivyo hivyo kocha anapokuuliza umefika wapi kwenye kipimo cha sifuri hadi kumi: ukisema uko kwenye 4, swali lenye faida ni kipi kilichokuvusha 2, maana hapo unaanza kuona ulichokwisha kufanya.

Mwajiri akilipa, hofu huongezeka. Kabla ya kikao cha kwanza iandikwe na kusainiwa nini kitamfikia: mahudhurio na malengo yanatosha. Bila karatasi hiyo mteja huigiza mfanyakazi bora kwa miezi mitatu.

Kuna hisia tamu pia, na hiyo inanitia wasiwasi kuliko machozi. Kusikilizwa bila kukatizwa ni nadra, mtu hunogewa. Akianza kumtumia kocha ujumbe wa WhatsApp kila jioni kabla ya kuamua lolote, amepata mkongojo. Mkikubaliana vikao sita, habari ya kuagana izungumzwe kwenye cha nne.

Kocha si tabibu. Huzuni ya kila siku au usingizi uliopotea kwa wiki mbili ni mambo ya hospitali, na mawazo ya kujiua hayasubiri hata siku moja. Nchi nyingi hazina sheria inayozuia mtu yeyote kujiita kocha, kwa hiyo uliza. Cheti cha ACC, ngazi ya mwanzo ya shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, hudai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya kazi na wateja. Muulize ana saa ngapi, nani humsimamia, na mteja akizidiwa humpeleka wapi. Asiyeweza kutaja daktari au kliniki hata moja, usimlipe.