Gloire, manowari iliyonyimwa sifa zake

Ukifika Portsmouth, Uingereza, utaikuta HMS Warrior, manowari ya Waingereza ya karne ya 19, gatini, imepakwa rangi ikapendeza, watalii wanapanda na kushuka. Meli yenyewe sina ugomvi nayo. Kinachoniudhi ni wanaoisimulia kana kwamba manowari za bahari kuu zilizovikwa chuma zilianza nayo. Warrior iliundwa kwa woga, na woga huo waliutia Wafaransa kwa manowari yao Gloire.

Novemba 1853, pale Sinop, bandari ya Waosmani (Waturuki) kwenye Bahari Nyeusi, Warusi waliziteketeza meli za mbao za Waosmani kwa makombora yanayolipuka. Mwaka 1855, katika Vita vya Crimea dhidi ya Warusi, Wafaransa wakapeleka Kinburn, kwenye bahari hiyo hiyo, matishari matatu ya mizinga yaliyovikwa chuma. Ngome ya Warusi iliyapiga weee, yakabonyea tu. Baada ya hapo nani angeunda tena manowari ya mbao tupu? Mhandisi Henri Dupuy de Lôme alianza kazi Toulon mwaka 1858, na Novemba 1859 Gloire ikashushwa majini, mwaka mzima kabla ya Warrior.

Itazame ubavuni: bamba la chuma la sentimita 12, na nyuma yake mbao nene za sentimita 43. Mizinga 36, injini ya mvuke, na matanga ya kusaidia. Matundu ya mizinga yalikuwa chini mno, hayafiki mita mbili juu ya maji, kwa hiyo bahari ikichafuka ilibidi yafungwe. Hilo ni kosa la usanifu, silitetei.

Na mbao zile ndizo zilizoiponza. Viwanda vya Ufaransa havikuweza kutoa chuma cha kutosha kuunda meli nzima. Meli dada yake Normandie ilivuka Atlantiki hadi Meksiko mwaka 1862, ya kwanza ya aina yake, lakini iliundwa kwa mbao ambazo hazijakauka vizuri, ikaoza upesi. Gloire ilijikongoja hadi 1879 ilipofutwa kwenye orodha ya meli za kivita, na mwaka 1883 ikavunjwa.

Wapo wanaosema haikupigana vita vya maana. Sawa, na Warrior ilipigana vita gani? Nakubali ilikuwa kubwa na imara zaidi, mwili wake wa chuma. Lakini kilichoifikisha mpaka leo si ushujaa: mwaka 1929 ilipelekwa Wales ikawa gati la kujazia meli mafuta, ikakaa huko hadi 1979.