Njiti mmewasahau

Makala yenu kuhusu macho ya watoto wachanga imeeleza vizuri jinsi kisonono cha mama kinavyoshambulia macho ya mtoto wakati wa kuzaliwa, ila njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, mmewaruka kabisa. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 32 za mimba, mishipa ya damu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inakuwa haijakomaa. Akipewa oksijeni kupita kiasi, mishipa huota ovyo na inaweza kuivuta retina mpaka ibanduke. Kwa nje macho yanaonekana mazima, ndiyo maana wazazi wengi huchelewa kushtuka. Apimwe na daktari wa macho akifikisha kama wiki 4 tangu azaliwe, hata kama ameshatoka hospitali. Halafu rubela nayo, ugonjwa wa virusi unaomdhuru mtoto mama akiupata akiwa mjamzito! Daktari wa macho Gregg wa Australia aliihusisha na mtoto wa jicho kwa watoto wachanga tangu 1941. Ukiona weupe kwenye mboni usingoje akue. Upasuaji wa mtoto wa jicho hufanywa mtoto angali na wiki chache tu.