Siti ni yangu, breki nawaachia wataalamu

Vijana wanaopenda baiskeli siku hizi wanasoma sana. Kaa nao kijiweni utasikia habari za upana wa tairi, uzito wa fremu na urefu wa siti, na kila hoja ina mtaalamu wake wa Ulaya au Marekani. Bidii hiyo naipenda. Kinachonisumbua ni kwamba jibu linabebwa lilivyo, bila kuuliza mtaalamu mwenyewe alikuwa anamjibu nani.

Chukua tairi. Kwa miaka mingi wakimbiaji wa mashindano ya barabarani walitumia tairi nyembamba za milimita 23, zimejazwa upepo hadi kidole hakibonyezi. Waliamini kwamba nyembamba na ngumu ndiyo inayokimbia, na vipimo viliwaunga mkono: tairi ilizungushwa juu ya pipa laini la chuma, na kila upepo ulipoongezwa ikazunguka kwa wepesi zaidi. Lakini nani anaendesha juu ya pipa? Kwenye lami iliyochakaa, tairi ngumu haimezi kishimo, inamrusha mtu pamoja na baiskeli yake, na nguvu ya miguu inapotelea kwenye mtikisiko. Watu walipoanza kupima barabarani kwenyewe, hesabu ikageuka. Leo hata kwenye Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, tairi za milimita 28 na zaidi ni za kawaida.

Mtu wa Shinyanga anayepita njia ya vumbi na gunia kwenye keria hakuhitaji kusubiri habari hiyo. Alishajua kwamba tairi nene yenye upepo wa wastani inamfikisha akiwa na nguvu zake. Mwili ulikuwa umeshapima. Mimi mwenyewe tairi ya mbele huwa naipunguza upepo kidogo kuliko ya nyuma, maana inabeba uzito mdogo na viganja vinapumzika. Usizidishe tu. Upepo ukiwa mdogo mno, ukigonga jiwe rimu inaibana tyubu, na ukiitoa utakuta matundu mawili yamekaa sambamba. Ukiyaona hayo mawili usihangaike kutafuta msumari. Ongeza upepo.

Kwenye siti ndiyo kabisa simwachii mtu mwingine uamuzi. Mifupa ya makalio haifanani upana, na siti yenye sponji nene inayovutia dukani mara nyingi ndiyo inayobana vibaya baada ya mwendo mrefu. Ushauri wa kupandisha siti na kushusha usukani unamfaa mtu wa mashindano, anayekwepa upepo. Anayekwenda sokoni Kahama anahitaji kukaa wima, aone lori linalokuja.

Breki ni habari nyingine. Wengi wetu tumezoea kubana ya nyuma tu, na nimeona baiskeli nyingi ambazo ya mbele imefunguliwa kabisa kwa hofu ya kupinduka. Hapa mazoea yetu yanatudanganya. Ukifunga breki, uzito unahamia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuserereka, huku la mbele likizidi kushika ardhi. Fundi Mmarekani Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, alilisisitiza sana jambo hili: kwenye barabara kavu na imara, breki ya mbele ndiyo inayokusimamisha. Ibane polepole, mikono ikiwa imekaza, mwili umerudi nyuma kidogo. Kwenye mchanga au utelezi, ya nyuma ina kazi yake. Na wenye rimu za chuma cha kung'aa wakumbuke kwamba zikilowa, raba za breki hazishiki vizuri kama kwenye ukavu, kwa hiyo masika anza kubana mapema.

Siti mbaya inakulalamikia kila siku, unapata nafasi ya kuibadilisha. Breki mbovu inaweza kunyamaza hadi siku gari linapokatiza mbele yako. Ndiyo maana kwenye mambo ambayo mwili hauyahisi mapema, mimi nafuata vipimo vya wanaojua.

Cheni nayo imo humo. Mguu hauhisi cheni inavyolegea, na fundi akiitupia jicho atakwambia bado inadai. Ipime. Weka sifuri ya rula ya inchi katikati ya pini moja. Cheni mpya itakuwa na pini juu kabisa ya mstari wa inchi 12. Pini hiyo ikiupita mstari kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni nyingine. Ikifika 1/8, imeshaanza kula meno ya friwili, yaani gia ya nyuma, na cheni mpya ukiifunga hapo itaruka. Utalipia cheni, friwili, pengine na gia ya mbele, kwa kukosa kipimo cha dakika moja. Rula ya shule inatosha, na ningependa kila banda la fundi liwe nayo pale pale penye pampu.