Popeye na Marseille yake, mimi na Bujumbura yangu

Jamani, hawa wapelelezi wa sinema wameumbwaje? Filamu ya kwanza mtu kapiga kazi kwao, vizuri. Ikija sehemu ya pili, huyo, ng'ambo! Anashuka kwenye ndege hajui hata choo kiko wapi, mara unamwona anakimbiza majambazi vichochoroni kama kazaliwa mtaa ule. Mimi nina miaka kumi na moja Dar, Kariakoo mpaka leo naingia najua, kutoka naulizia.

Nimemsamehe mmoja tu: Popeye Doyle wa French Connection II, ya 1975, yule Gene Hackman. Askari wa New York, mdomo mchafu, katua Marseille kumsaka Charnier, muuza unga aliyemponyoka kwenye ile ya 1971. Kifaransa? Hata cha kuombea maji hana. Anaingia baa anataka wiski, mhudumu anamkodolea macho tu. Hapo nikasogeza kiti.

Kwa sababu yamenikuta. Bujumbura. Nimekaa mgahawani nataka samaki, menyu Kifaransa kitupu. Nikaunganisha viganja nikaogelea hewani. Mhudumu kimya. Nikatoa macho, nikawa nafungua mdomo na kufunga kama mukeke aliyetolewa ziwani sasa hivi. Meza ya jirani wakaacha kula. Mhudumu akaniinamia taratibu: "Kaka, samaki yupo wa kukaanga na wa kuchoma. Kwani Kiswahili hujui?"

Popeye hakupata bahati hiyo. Yeye walimteka, wakamdunga heroini mpaka akawa teja, halafu wakamtupa mbele ya polisi. Wenzake wa Kifaransa wakamfungia ndani apambane na arosto. Pale hapachekeshi, bisi zenyewe niliweka chini. Lakini alipopona, weee! Kabeba petroli kaenda kuichoma ile hoteli aliyofungiwa. Na mwishoni Charnier kapanda boti, Popeye anafukuza kwa miguu, pumzi zimekata, uso umeiva. Mwendo ule naujua, ndio wangu wa kuwahi daladala.

Nikamwambia mke wangu, "Yule ni mimi kabisa."

Hakuinua hata macho kwenye mchele aliokuwa akichambua. "Yule alimpata mtu wake. Wewe vitenge nilivyokuagiza Bujumbura viko wapi?"