Jina Limeondoka, Bichwa Limebaki

Mpenzi wa soka anayemkumbuka Michael Ballack huenda amewahi kusoma kwamba kiungo huyo alikulia Karl-Marx-Stadt, akautafuta mji huo kwenye ramani asiuone. Tangu Juni 1990 unaitwa tena Chemnitz, jina lake la karne nyingi, ambalo wakubwa wa Ujerumani Mashariki walilifuta mwaka 1953. Karl Marx mwenyewe, mwanafikra wa ukomunisti, ni mzaliwa wa Trier, kule mpakani magharibi, na Chemnitz hakuwahi kuishi. Alichoachiwa mjini humo ni kichwa cha shaba kisicho na mabega wala kiwiliwili, zaidi ya mita 7 kwenda juu, tani zipatazo 40, kimewekwa juu ya kitako cha mawe. Ni kazi ya mchongaji wa Kisovieti Lev Kerbel, iliyozinduliwa 1971. Wenyeji wanakiita Nischel, neno lao la mtaani. Sisi tungesema bichwa.

Kwa nini bichwa hilo bado lipo?

Wanaotaka liondolewe wana hoja nzito. Katika mji huohuo, kwenye kilima cha Kaßberg, kulikuwa na gereza ambamo wafungwa wa kisiasa walikusanywa kabla ya kuuzwa. Ndiyo, kuuzwa: kati ya 1963 na 1989 Ujerumani Magharibi ilikomboa kwa malipo wafungwa zaidi ya 30,000, na wengi wao waliondokea Kaßberg. Aliyepita kwenye seli zile na kisha apite mbele ya uso ule mkubwa, ambao serikali iliyomfunga ndiyo iliyousimamisha, tutamwambia nini? Kwamba ni sanaa tu? Berlin haikusita. Mwaka 1991 iliishusha sanamu ya Lenin yenye mita 19, ikaikata vipande na kuvifukia msituni.

Hoja yao nyingine, ile ninayoisikia mara kwa mara, ndiyo inayonikwaza. Wanasema wananchi walishaamua: kwenye kura ya 1990, asilimia 76 walimkataa Marx. Sawa, asilimia 76 ni wengi mno. Lakini karatasi ya kura iliuliza jina la mji. Sanamu haikuulizwa. Na vitu hivi viwili havifanani hata kidogo. Jina la mji unalibeba: liko kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye kitambulisho, kwenye kila barua unayomwandikia shangazi. Hulikwepi. Sanamu ukiichoka unapita barabara nyingine.

Halafu kuna ile asilimia 24, ambayo hakuna anayeitaja. Ni rahisi kudhani wote walikuwa makada wa chama. Mtoto aliyezaliwa humo 1954 alikuwa na miaka 36 siku ya kura; shule, ndoa na kazi ya kiwandani, vyote vilipita Karl-Marx-Stadt. Hakumchagua Marx. Alizaliwa kwake tu. Na hata waliopiga kura ya kulirudisha jina la zamani hawakuomba yaliyofuata: viwanda kufungwa, vijana kuhamia magharibi, mji uliokuwa na watu zaidi ya 300,000 ukashuka hadi karibu 250,000. Huu ni mji ulioitwa Manchester ya Saxony kwa nguo na mitambo yake, mji ambao kampuni ya Auto Union, mama wa Audi ya leo, iliufanya makao yake makuu. Mabomu ya 1945 yalishabomoa katikati yake. Ukiwa umeshanyang'anywa kiasi hicho, kung'ang'ania kitu kimoja kilichobaki mahali pake si lazima kuwe kuililia dola ya zamani.

Nakiri, Agosti 2018 ilinitia shaka. Baada ya mtu mmoja kuuawa kwa kisu, umati wa siasa kali za kulia ulikusanyika palepale kwenye bichwa, na picha zikazunguka dunia. Wiki moja baadaye watu wapatao 65,000 walifurika mjini kwenye tamasha la kuwapinga. Lakini umati ule haukuitwa na Marx. Asingekuwepo yeye wangesimama kwenye maegesho ya magari. Mwaka 2025 mji huohuo ukawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya.

Kaßberg nayo haikusahauliwa. Sehemu ya gereza sasa ni eneo la kumbukumbu, na mgeni anaweza kuviona vyote viwili kwa siku moja. Ukutani nyuma ya bichwa bado pameandikwa kwa lugha nne, "Wafanyakazi wa nchi zote, unganeni!" Na yule Lenin wa Berlin? Mwaka 2015 walirudi msituni wakafukua kichwa chake. Ukitaka kumwona, nenda jumba la makumbusho la Spandau, utamkuta amelala ubavu.